Kabla hujaifungua amplifaya, pima redio yenyewe

Jamaa mmoja kwenye mita 40, bendi ya redio ya ridhaa, aliniambia kwa upole: "Ndugu yangu, unasikika mpaka kilohezi nne pembeni." Nilikuwa ndio nimemaliza kuunda amplifaya yangu ya transista mbili za IRF510, kipimawati kinapanda vizuri. Nikaudhika. Kumbe kipimawati hakichagui, kinahesabu wati safi na chafu pamoja.

Tumia toni mbili. Ingiza hezi 700 na 1900 kwa pamoja kwenye maiki, nguvu sawa, huku amplifaya ikimwaga kwenye lodi bandia ya omu 50 (kipingamizi kinachomeza nguvu bila kuirusha hewani), si antena. Analaiza, yaani kifaa kinachoonyesha kila masafa na nguvu yake, isichomekwe moja kwa moja, itaungua. Ichotee kiasi kidogo kupitia atenueta, kipunguza nguvu. Amplifaya iliyonyooka inatoa toni hizo mbili tu. Iliyopinda inazaa nyingine pembeni: 1900 mara mbili ukitoa 700 ni 3100, na upande wa pili inachomoza hezi 500 ng'ambo ya keria, yale masafa ya msingi ambayo sauti hupandishwa juu yake. Filta ya kutolea haizigusi hizo, ziko karibu mno. Yenyewe kazi yake ni hamoniki, yaani masafa mara mbili, mara tatu ya yale unayorusha.

Mimi nilipoteza Jumamosi mbili nikichokonoa bayasi, ile volti inayoziweka transista tayari kwa kazi. Uchafu uko desibeli 22 chini ya toni, hausogei! Mwishowe nikaongeza atenueta ya desibeli 10 mbele ya analaiza, na vile vilima vya pembeni vikaporomoka kuliko toni zenyewe. Uchafu ungekuwa wa amplifaya, vyote vingeshuka sawasawa. Analaiza ndiyo iliyolemewa. Nikapima tena: 24. Redio peke yake, bila amplifaya: 27. Sasa bayasi ingesafisha nini, wakati uchafu mwingine unaingia nao mlangoni?

(Ukilinganisha na namba za muuzaji, uliza amehesabu kutoka kwenye toni moja au kutoka nguvu ya kilele, toni zote mbili zinapoungana. Tofauti ni desibeli 6, na wengi huchagua inayowapendeza.)

Dawa ilikuwa kupunguza sauti ya maiki. Ukishusha msukumo desibeli moja, uchafu wa daraja la tatu, kama ile 3100, hushuka kama tatu. Nilishusha mbili, nikapata 29. Wati za kilele zimetoka 40 hadi 25, na hilo kwa anayenisikiliza ni kama theluthi ya S moja, alama moja ya kipimo cha mawimbi kwenye redio yake. Bado hakuna aliyeniambia nimefifia.