Madirisha yanapangwa, yanapangika au yanajipanga?

SWALI: Nafundisha kompyuta hapa Mbeya na naandaa mwongozo wa Kiswahili kuhusu dwm, programu ya Linux inayopanga madirisha kwenye skrini. Sura moja nimeiita "Mpango wa Madirisha". Ndani yake niandike madirisha "yanapangwa", "yanapangika" au "yanajipanga"? Mwenzangu wa Iringa anasema yote ni sawa.

JIBU: Si sawa, mwalimu. Mwanafunzi anayeanza anahitaji kujua nani anafanya nini, na kitenzi ndicho kitakachomwambia.

Tazama kinachotokea. Ukifungua dirisha la kwanza, linajaa skrini nzima. Ukifungua la pili, linakaa kushoto, kwenye sehemu kuu, na la kwanza linasukumwa kulia. Likija la tatu, nalo linashika kushoto. Yale mawili yanagawana upande wa kulia, moja juu, jingine chini. Kipanya hukukigusa. Mtenda ni programu, hivyo chagua "yanapangwa"; na kwa kuwa ni jambo la kila mara, andika: "Madirisha hupangwa na programu."

Uzuri wa "hupangwa" ni kwamba mtenda anaweza kubadilika. Ukibonyeza Alt+f, madirisha yanaelea, na kuanzia hapo hupangwa na mtumiaji mwenyewe, kwa kushikilia Alt huku akiyaburuta kwa kipanya. Kitenzi ni kilekile, mtenda mwingine, na somo zima limeeleweka.

"Yanapangika" haipokei mtenda. Hatusemi "yanapangika na programu", kama tusivyosema "kikombe kimevunjika na mtoto". Hapa inaeleza uwezekano tu, kama barabara isiyopitika wakati wa masika. Mahali pake ni hapa: "Madirisha yanapangika kwa njia tatu." Na kweli dwm huja na njia tatu: ya vigae, yaani madirisha kukaa bila kupandana (Alt+t), ya kuelea, na ya dirisha moja kujaza skrini (Alt+m).

"Yanajipanga" naipenda katika mazungumzo. Tunasema bajaji zimejipanga Kabwe, hapo Mbeya, na kila mtu anajua madereva wapo. Katika mwongozo, hata hivyo, inaificha programu, na hiyo ndiyo unayoifundisha.

Kichwa cha sura nacho kibadilishe. Mpango ni jambo linalokusudiwa kufanywa. Namna vitu vilivyokaa ni mpangilio. Kwa kuwa ipo mitatu, andika "Mipangilio ya Madirisha".