Ukisoma kuhusu kuanguka kwa Roma, ulizia Mashariki kwanza

Mimi ni mwalimu wa historia. Kila nikitoa swali la kuanguka kwa dola ya Roma, majibu huja na hoja sita zilizonyooka: rushwa, makaisari dhaifu, uvamizi wa makabila, Ukristo, kodi nzito, ukubwa wa dola. Ndivyo mitihani yetu ilivyotuzoesha. Hakuna hoja ya kipuuzi hapo, ila hata zingefika ishirini, msomaji angebaki hajui kilichotokea. Mwanahistoria Mjerumani Alexander Demandt alikusanya sababu zilizowahi kutolewa na waandishi wa zama zote, na orodha aliyoitoa mwaka 1984 ilifika 210.

Ushauri ninaowapa vijana wangu, nao umenisaidia mimi kabla yao, ni huu: ukipewa sababu yoyote, uliza mbona Mashariki hakukuanguka. Tangu Kaisari Theodosius alipofariki mwaka 395, dola ilikuwa na makaisari wawili, mmoja Italia kwa upande wa Magharibi, na mwingine Konstantinopoli, Istanbul ya leo, kwa upande wa Mashariki. Wa mwisho wa Italia, kijana Romulus Augustulus, alivuliwa madaraka na jemadari Odoacer mwaka 476. Konstantinopoli ilidumu mpaka Waturuki walipoiteka mwaka 1453, karibu miaka elfu moja baadaye.

Pitisha sababu zako hapo uone zipi zinapona. Mwanahistoria Mwingereza Edward Gibbon, aliyechapisha kazi yake kati ya 1776 na 1788, aliutupia Ukristo sehemu ya lawama, kwamba ulipooza ari ya vita na kuwapeleka watu kwenye nyumba za watawa. Lakini Mashariki ndiko Ukristo ulikokuwa na mizizi mirefu zaidi, na watawa wenyewe walianzia Misri na Shamu. Rushwa ilikuwapo pande zote mbili. Tauni iliyozuka mwaka 165 haikubagua. Mabomba ya maji ya madini ya risasi, ambayo wengine hushikilia kwamba yaliwatia watu sumu, yalikuwapo Mashariki pia.

Sababu inayopona vizuri, kwa maoni yangu, ni ya mahali na fedha. Askari wa Roma walikula kodi. Kodi ya Mashariki ilitoka Misri, Shamu na Asia Ndogo, nchi zilizokingwa na bahari pamoja na kuta za Konstantinopoli dhidi ya makabila yaliyoshuka kutoka Ulaya. Tegemeo la Magharibi lilikuwa Afrika ya Kaskazini, hasa Tunisia ya leo, kwenye nafaka na mafuta ya zeituni. Wavandali, mojawapo ya makabila ya Kijerumani, walivuka mto Rhine mwishoni mwa mwaka 406, wakaingia Hispania mwaka 409, wakavuka bahari mwaka 429, na mwaka 439 mfalme wao Gaiseric akaitwaa Karthago, mji mkuu wa eneo hilo la Afrika, bila vita kubwa.

Hapo huwaomba wanafunzi wasiharakishe. Zipo sheria za Valentinian III, kaisari wa Magharibi, za miaka iliyofuata. Katika moja anakiri kwamba kodi inayoingia haitoshi kuwalisha wala kuwavisha askari, na anaanzisha ushuru mpya kwenye biashara. Katika nyingine, ya mwaka 445, anawapunguzia wananchi wa Numidia, jimbo lililopakana na Karthago, kodi hadi sehemu moja ya nane ya ile ya zamani, kwa kuwa vita vimewaacha hawana kitu. Mtawala ndiye anayesema haya kwa kinywa chake. Mimi ukurasa kama huo naupa uzito kuliko sura nzima inayozungumzia maadili yaliyooza. Mwaka 468 Mashariki na Magharibi waliunganisha nguvu ili kuikomboa Afrika. Gaiseric akazisukumia merikebu zao vyombo vilivyowashwa moto, na jaribio likaishia hapo. Baada ya hapo nguvu ya kumlipa askari haikurudi tena.

Utakutana pia na wanaosema Roma haikuanguka, ilibadilika tu. Wasikilize, maana Kanisa, sheria na Kilatini viliendelea kweli. Kisha tazama vilivyochimbuliwa ardhini. Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 5, gurudumu la mfinyanzi lilitoweka, na kwa muda mrefu watu wakafinyanga vyungu kwa mkono. Kwa familia iliyokuwa ikila kwenye sahani laini za kununua, hayo yalikuwa maanguko.

Zoezi hili jaribu na kwetu Afrika. Songhai, dola kubwa ya Afrika Magharibi, ilipigwa na jeshi la Moroko lenye bunduki pale Tondibi mwaka 1591, na vitabu vingi huishia kwenye bunduki. Wewe endelea: miaka mitatu kabla, mwaka 1588, wakuu wa Songhai walikuwa wamepigana wenyewe kwa wenyewe juu ya kiti cha ufalme. Halafu iweke kando ya Bornu, dola ya karibu na Ziwa Chad, ambayo zama zilezile, chini ya mfalme wake Idris Alooma, iliajiri wapiga bunduki wake yenyewe na ikaendelea hadi karne ya 19.