Maswali ya Wasomaji: Nani Agharimie Mchezo wa Sauti?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana wanne wa Tanga tulioandika mchezo wa kuigiza wa sauti wenye sehemu kumi na mbili, unaohusu ndugu wanaogombania jahazi la marehemu baba yao. Hatuna kituo cha redio kinachotubeba. Tunataka kuutoa wenyewe mtandaoni. Shirika moja limeahidi kugharimia kazi yote iwapo nahodha, ambaye ndiye mhusika mkuu, atawafundisha wasikilizaji kuhusu lishe ya watoto. Tukubali, au tutafute fedha kwingine?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu zangu, ahadi mliyopewa si ngeni. Mchezo wa “Twende na Wakati”, ulioanza kurushwa na Radio Tanzania mwaka 1993 mara mbili kwa wiki, ulitungwa ili kuhimiza uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI, na dereva wa lori aitwaye Mkwaju akabebeshwa tabia mbaya ili wasikilizaji wayaone matokeo yake. Kituo cha Dodoma hakikuurusha hadi mwaka 1995, kwa kuwa watafiti walitaka kuwalinganisha wakazi wa huko na wasikilizaji wa mikoa mingine. Siibezi kazi hiyo hata kidogo. Hata hivyo, pale somo lilitangulia na hadithi ikajengwa juu yake, ilhali kwenu hadithi ndiyo iliyotangulia. Nahodha aliyekuwa akigombana na kaka yake juu ya tanga na nanga, kisha akasimama ghafla kueleza faida za uji wa lishe, hataaminiwa tena hata akirudi kwenye ugomvi wake.

Msiwafukuze wafadhili hao, ila wapeni pendekezo jingine: wagharimie tangazo la nusu dakika kabla ya kila sehemu, litakaloeleza lishe kwa sauti yao wenyewe, na mkataba useme wazi kwamba mswada hauguswi. Wakikataa, aganeni nao kwa heshima.

Ili muweze kukataa fedha za namna hiyo, kazi yenu lazima iwe ndogo kiasi cha kuwezekana bila wao, na hapa ndipo ninapowalaumu kidogo. Sehemu kumi na mbili ni nyingi mno kwa watu ambao hawajawahi kutoa hata moja. Chagueni sita za dakika kumi na mbili kila moja, zenye mwisho unaoeleweka, kisha fanyeni hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, mna waigizaji watano watakaorekodi kwa siku mbili, na kila mmoja analipwa shilingi 40,000 kwa siku: hizo ni 400,000. Fundi wa kuhariri sauti akilipwa 60,000 kwa kila sehemu, jumla yake ni 360,000. Nauli na chakula tuweke 150,000, na dharura 90,000. Mtapata shilingi milioni moja kamili, yaani watu mia moja wa kuchangia 10,000 kila mmoja.

Watu mia moja si wengi katika nchi ambayo kamati ya harusi hukusanya mamilioni kwa kadi, ahadi na simu za kukumbushana. Tofauti ni kwamba harusi ina tarehe na bibi harusi anajulikana, wakati kazi ya sanaa mara nyingi huombewa mchango ikiwa bado ni ndoto. Kwa hiyo, rekodini sehemu ya kwanza kwa fedha zenu wenyewe, ipelekeni kwa watu waisikilize, kisha mtangaze siku ambayo sehemu sita zitatoka. Kila aliyechanga apewe mahesabu, hata kama alitoa 2,000.

Mmenidokeza pia kwamba waigizaji wako tayari kujitolea. Walipeni, japo kidogo. Mtu asiyelipwa akipata kibarua siku ya kurekodi hataonekana, na hamtakuwa na neno la kumwambia. Ikiwa fedha hazitoshi, punguzeni idadi ya sauti badala ya malipo. Mchezo wa Marekani uitwao Welcome to Night Vale, ulioanzishwa mwaka 2012 na Joseph Fink na Jeffrey Cranor, umesimama hasa juu ya sauti ya mtangazaji mmoja. Ulitolewa bure, ukaendeshwa kwa michango ya wasikilizaji, maonyesho ya jukwaani na mauzo ya bidhaa kama fulana.

Kabla ya kuutoa, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kama kazi yenu inahitaji leseni, kwa sababu tangu mwaka 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni ambazo zimekuwa zikirekebishwa.

SWALI: Tumejaribu kurekodi chumbani, lakini sauti inarudi kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Aidha, rafiki zetu wanasema hawajui nani anazungumza na nani. Je, tuweke msimulizi?
– Msomaji, Morogoro

JIBU: Mwangwi huletwa na kuta tupu. Simamisheni magodoro, tundikeni mablanketi, zimeni feni na jokofu, na msirekodi chini ya bati wakati wa mvua. Kabla ya kila onyesho, rekodini nusu dakika ya ukimya wa chumba, kwani fundi ataihitaji kuziba mapengo.

Kuhusu msimulizi, sioni haja, kwa sababu Kiswahili kimewapa msaada ambao hamjautumia. Mhusika akisema “Shikamoo, shangazi” na kujibiwa “Marahaba, mwanangu”, msikilizaji amekwisha kujua nani mkubwa, nani mdogo na wana udugu gani, kwa maneno manne tu. Anayekataa kuamkia amekwisha kuanzisha ugomvi. Sauti za vitu nazo zihudumie hadithi: nazi inayokunwa kwenye mbuzi hutuweka jikoni bila mtu kutaja jiko. Ila msikusanye watu zaidi ya wanne katika onyesho moja, wala msiwape wawili sauti zinazofanana.

SWALI: Binamu yangu anayeishi Ujerumani anataka kutufungulia kampeni ya kuchangisha fedha za mchezo wetu wa sauti kwenye mtandao wa Kickstarter kwa jina lake, kwa sababu sisi wa Mombasa haturuhusiwi. Kuna ubaya gani?
– Msomaji, Mombasa

JIBU: Ni kweli kwamba Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo mtu anaweza kuanzishia mradi huko, na Ujerumani imo. Fahamuni kwanza kwamba mtandao huo hauwapi chochote kiasi mlichokitaja kisipotimia, na kikitimia unakata asilimia 5 pamoja na gharama za malipo. Mkiomba euro 5,000 mkapata 4,600, mmekosa zote.

Jambo zito zaidi ni kwamba mbele ya wachangiaji mwenye mradi atakuwa binamu yako: fedha zitaingia katika akaunti yake, maswali ya kodi yatamfikia yeye, na mkichelewa ni yeye atakayedaiwa. Akikubali akijua hayo, andikeni mkataba hata kama mmelelewa nyumba moja, mkitaja atatuma kiasi gani, lini, na kwa njia gani. Katika karatasi hiyohiyo andikeni pia nani ana hakimiliki ya mswada na nani ana haki ya sauti zilizorekodiwa, kwa kuwa ni vitu viwili tofauti. Mwandishi anaweza kubaki na hadithi yake huku kikundi kikimiliki rekodi. Sheria hulinda kazi tangu inapotungwa na kuhifadhiwa, lakini kuisajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kutakupa ushahidi siku itakapozuka kesi. Sainini kabla ya kampeni kufunguliwa, wakati bado hakuna senti ya kugombania.