Ada ya Mwenyeji, Ada ya Mgeni: Jibu kwa Kaka Yangu Morogoro

Kaka, shikamoo. Ujumbe wako wa wiki iliyopita nimeusoma mara kadhaa, na kwa kuwa ndugu wengine nao wamekuwa wakiniuliza jambo hilohilo kwa chinichini, naona ni haki nikujibu kwa maandishi na kwa ukamilifu. Uliuliza kwa nini mimi na shemeji yako tulimzuia binti yetu asiende chuo kikuu mashuhuri cha jimbo jingine, ambacho ukoo mzima ulikuwa umeshakishangilia, halafu mwaka huu tukamruhusu mdogo wake kwenda North Dakota. Ukauliza pia kama mwanao, ambaye amepata nafasi katika vyuo viwili vya umma vya Marekani, atalipa ada nafuu akija kukaa kwangu hapa Minnesota.

Nianze na ada yenyewe, kwa sababu huko nyumbani hatuna mfano wake. Mtoto wa Bukoba na mtoto wa Mtwara wakiingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kozi moja hulipa ada moja, na anayetozwa tofauti ni raia wa nchi nyingine. Huku chuo kikuu cha umma ni cha jimbo, kodi za wakazi wa jimbo ndizo zinazokichangia, na kwa hiyo hata Mmarekani aliyezaliwa jimbo la jirani huhesabiwa kuwa mgeni akifika hapo. Purdue, chuo kikuu cha umma kilichopo jimbo la Indiana, kimeizuia ada yake isipande kwa zaidi ya miaka kumi, na bado mkazi wa Indiana hulipa kama dola 10,000 kwa mwaka wakati Mmarekani wa jimbo jingine hulipa karibu dola 29,000. University of Michigan humtoza mgeni zaidi ya dola 55,000 kwa mwaka, kabla hajalala wala kula.

Binti yetu alitaka kusomea uuguzi. Barua ya kile chuo cha mbali ilisema amepewa ufadhili wa dola 8,000, na hiyo ndiyo sentensi aliyoipiga picha akawatumia. Usiku mmoja wa Aprili tulikaa watatu jikoni, tukaziweka barua mbili mezani, yeye akashika kalamu. Baada ya kuutoa ufadhili huo, ada, chumba na chakula vilifika dola 48,000 kwa mwaka. Chuo cha umma cha hapa kilitaka 17,000, naye angelala chumbani kwake na kupanda basi asubuhi. Tofauti ya miaka minne ni dola 124,000. Serikali kuu humkopesha mwanafunzi anayetegemea wazazi dola 5,500 mwaka wa kwanza, 6,500 wa pili na 7,500 kila mwaka unaofuata, jumla 27,000. Kilichobaki kingekuwa mkopo wa benki, nasi wazazi tungetia saini kuwa wadhamini.

Alipiga mstari chini ya ile jumla, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama kazini kwetu jina la chuo huandikwa kwenye kitambulisho. Nikakichukua changu kwenye mkoba nikamwekea mezani: picha yangu, jina langu na herufi mbili, RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, basi. Herufi hizo kila muuguzi wa daraja hilo katika nchi hii huzipata kwa kufaulu mtihani mmoja uitwao NCLEX, awe ametoka chuo kikuu cha fahari au chuo cha miaka miwili cha mtaani. Katika wodi yangu mshahara hupanda kwa miaka ya kazi, na nimefanya zamu na mwenzangu aliyesoma mbali kwa gharama kubwa, ambaye kila mwezi hukatwa deni wakati mimi napeleka akiba. Binti alilia, kaka, nami nililia, kwa sababu si jambo jepesi kumwambia mtoto aliyefanya bidii kiasi kile kwamba mlango uliofunguka usiingiwe. Lakini kwa kozi ile, sikuona kitu ambacho fedha ile ingemnunulia. Laiti angetaka fani ambayo waajiri huifuata katika vyuo vichache tu, ningepiga hesabu nyingine.

Mdogo wake anataka urubani, na hapo mambo yaligeuka. University of North Dakota, kilichopo Grand Forks ng'ambo tu ya mpaka wetu, ni miongoni mwa vyuo vikubwa vya urubani nchini, chenye ndege zake na wakufunzi wake. Minnesota ina mkataba wa ujirani na North Dakota, South Dakota na Wisconsin, ambao humwezesha mkazi wa hapa kusoma huko kwa ada inayokaribia ya mwenyeji, mradi aombe nafuu hiyo. Kwa hiyo mpaka wa jimbo haukuwa kikwazo. Kilichotutisha ni ada ya kuruka, ambayo hulipwa kando na hufika makumi ya maelfu ya dola, naye mwenyeji na mgeni huilipa sawasawa. Kwa upande mwingine, rubani huku huhitaji kwa kawaida saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa na shirika la ndege la abiria, lakini mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kilichoidhinishwa huruhusiwa akifikisha 1,000. Saa 500 ni muda na fedha nyingi. Minnesota nako kuna chuo cha umma chenye kozi kama hiyo, tukakitembelea. Kijana akachagua Grand Forks, nasi hatukuona sababu ya kumkatalia. Majimbo ya kusini yana mpango uitwao Academic Common Market, ambao humpunguzia mtu ada ya ugeni pale tu kozi anayoitaka haipatikani jimboni kwake. Hata wao wenyewe, basi, wanajua kwamba swali huanzia kwenye kozi.

Sasa mwanao. Kukaa kwangu hakutampa ada ya mwenyeji, na ningekudanganya kama ningekuacha na tumaini hilo. Anayekuja kwa viza ya mwanafunzi kwa kawaida huhesabiwa mgeni katika majimbo karibu yote, awe amepanga chumba au analala sebuleni kwa shangazi yake. Mikopo ya serikali kuu haipati, na wakati wa masomo kwa kawaida ataruhusiwa kufanya kazi chuoni tu, saa zisizozidi 20 kwa wiki, ujira ambao hautoshi kulipa ada. Nitamlisha na kumlaza kwa moyo mmoja, ila ada itabaki yenu. Akihitimu ataruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na fani za sayansi na uhandisi zilizo kwenye orodha ya serikali huongezewa miezi 24, kwa hiyo hapo pia kozi ina uzito kuliko jina la chuo.

Kuna jambo moja linaloniondolea usingizi katika barua zake. Kwetu, mtu akidahiliwa, hudahiliwa kwenye kozi. Huku unaweza kuingia chuoni na kozi uliyoifuata ikabaki imefungwa: University of Washington, kwa mfano, huchagua wanafunzi wengi wa sayansi ya kompyuta moja kwa moja wakati wa udahili, na aliyeingia bila kuchaguliwa huwa na nafasi finyu sana ya kuhamia baadaye. Barua ya kwanza ya mwanao inataja uhandisi wa kompyuta waziwazi. Ya pili, ile ya chuo chenye jina kubwa, inampongeza kurasa mbili bila kuitaja kozi popote. Mwambie awaandikie leo aulize nafasi yake ni ya uhandisi au ya chuo tu, kwa kuwa vyuo vingi hutaka uthibitisho na malipo ya awali ifikapo Mei 1, na wakijibu anitumie jibu lao kama lilivyo. Kile kiwanja cha Kihonda, kaka, naomba kisiuzwe kabla ya jibu hilo kufika.