Presha sahihi ya bunduki ya upepo: jinsi nilivyoipata ya kwangu

Bunduki yangu ya kwanza ya upepo ya kujazwa kwa mtungi niliinunua mkononi mwa mtu, hapa Uingereza. Ni ya peleti (risasi ndogo) za .177, yaani upana wa inchi 0.177, haina regyuleta (kifaa kinachoiweka presha ya kupigia iwe sawa kila mara), na mtungi wake mwembamba umelala chini ya mtutu. Aliyeniuzia alinipa maelekezo mafupi: jaza mpaka bar 200 (bar ni kipimo cha presha), piga mpaka ishuke 100, jaza tena. Nikayafuata kwa miezi minne, na kwa miezi yote hiyo sikuelewana na shabaha.

Kila nikijaza, peleti kumi na kitu za mwanzo zilitua chini ya alama. Baadaye zikapanda zenyewe na kukaa pamoja vizuri, tundu juu ya tundu, halafu kuelekea mwisho zikashuka tena. Nikadhani darubini imelegea, nikabadilisha vishikio vyake. Nikanunua peleti za aina tatu. Nikabadilisha hata namna ya kuvuta pumzi.

Klabuni kwetu kuna mzee aliyeanza kupiga shabaha kabla sijazaliwa. Alinitazama Jumapili mbili bila kusema kitu. Ya tatu akaja na kronografu, kile kifaa kinachopima mwendo wa peleti inapotoka mtutuni, akaniambia nijaze kama kawaida yangu kisha nipige mpaka basi. Yeye akaandika kila namba kwenye daftari. Ile karatasi ninayo mpaka leo.

Peleti ya kwanza, geji (saa ya kusomea presha) ikiwa 200, ilitoka kwa futi 735 kwa sekunde. Ya kumi na nne, geji ikiwa karibu 180, ilikuwa imefika 770. Kuanzia hapo mwendo ukatulia kati ya 770 na 782 kwa peleti 38 mfululizo. Geji ilipopita 115 ikishuka, mwendo nao ukaanza kushuka, taratibu kwanza, kisha kwa kasi.

Jambo hili lilinishangaza, kwa sababu akili ya kawaida inasema presha ikizidi na nguvu izidi. Mzee akanieleza kwa kutumia kidole na kiganja chake. Ndani ya bunduki kuna valvu, na hewa ya mtungini ndiyo inayoibana ifunge. Ukifyatua, nyundo inaigonga valvu ifunguke kwa nukta ndogo sana ya muda, hewa inatoka, peleti inakwenda. Mtungi ukijaa kupita kiasi, hewa inaibana valvu kwa nguvu kiasi kwamba nyundo inaifungua kidogo tu na inafunga upesi. Hewa inayotoka ni chache, kwa hiyo peleti inakwenda polepole. Presha ikishuka kidogo, nyundo na valvu vinalingana. Ikishuka sana, valvu inakaa wazi muda mrefu lakini hewa yenyewe haina tena msukumo. Ukizidisha mno, nyundo inaweza kushindwa kabisa kuifungua valvu, ufyatue usikie mlio mkavu tu. Likikupata hilo, usibuni njia ya kuipunguza hewa kwa bisibisi. Mpelekee fundi.

Kwa hiyo namba ya presha iliyoandikwa kwenye bunduki ni mpaka wa usalama, usiuvuke hata siku moja. Presha ya kupigia shabaha ni jambo lingine, na kila bunduki isiyo na regyuleta ina yake. Ya kwangu ni 180 hadi 115. Tofauti ya futi 40 kwa sekunde inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa yadi 40 inaishusha peleti karibu sentimita 2, na shabaha nyingi tunazopiga hazina nafasi ya kosa la namna hiyo.

Wenye bunduki za regyuleta mna nafuu. Regyuleta inaipa valvu presha ileile kila mara, tuseme 120, hata kama mtungini mna 200. Nyinyi jazeni hadi kiwango cha mtengenezaji (Weihrauch HW100, kwa mfano, ni bar 200) na mkumbuke kuacha kupiga kabla mtungi haujashuka chini ya kiwango cha regyuleta.

Sasa kuna jambo linalonikosesha raha, na ndilo hasa lililonifanya niandike. Hapa England, bunduki ya upepo ambayo nguvu ya peleti yake inapotoka mtutuni haizidi futi-paundi 12, yaani karibu joule 16.3, haihitaji cheti. Ikizidi hapo, kisheria ni silaha ya moto, na kuwa nayo bila cheti ni kosa zito. (Scotland wana cheti cha bunduki za upepo hata zilizo chini ya hapo.) Mtu anajaza kupita kiasi, anapima peleti tatu za mwanzo, anapata futi-paundi 10, anadhani bunduki yake dhaifu, anakaza springi ya nyundo. Zile tatu sasa zinasoma 11 na nusu, anafurahi. Hajui kwamba presha ikishuka kufika katikati, ileile bunduki inaweza kuvuka 12. Ukipima, pima kuanzia mtungi umejaa mpaka mwendo ushuke. Peleti tatu hazikuambii kitu.

Kuhusu geji. Ile ndogo ya kwenye bunduki si ya kuamini kwa namba kamili. Yangu ikisema 180, geji kubwa ya mtungi wa kujazia inasema 172. Ipi inasema kweli? Kwa kazi hii haijalishi sana ukiwa chini ya mpaka wa usalama kwa geji zote mbili. Chagua moja, ipimie kwa kronografu, na hiyohiyo ndiyo ujazie siku zote. Mimi nimebandika kipande cha utepe kwenye geji kubwa, pale penye 172.

Kujaza kwenyewe kunataka subira. Hewa ikibanwa haraka inapata joto, na ikipoa presha inashuka. Zamani nilikuwa najaza kwa sekunde chache, nikitoka kunywa chai nikirudi nakuta bar kumi hazipo, nikadhani inavuja. Siku hizi nafungua valvu ya mtungi wa kujazia kidogo tu, sindano ya geji ipande polepole kama mtu anayepanda ngazi. Kabla ya kuondoa mpira wa kujazia, funga mtungi wa kujazia kisha fungulia ile skrubu ndogo itoe hewa iliyobaki ndani ya mpira. Ukisahau hilo, mpira unaweza kuruka na kukupiga usoni. Kama bunduki imeisha hewa kabisa, hakikisha haina peleti, elekeza mtutu pasipo na mtu, ikoki (vuta nyundo nyuma) kwanza ndiyo ujaze. Isipokokiwa, nyundo inaweza kuwa imeegemea valvu, na kila unachoingiza kinatokea mtutuni.

Hewa tu. Usitie oksijeni, hata uambiwe ni ileile. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta inalipuka. Na usipake mafuta ya mashine wala grisi ya gari kwenye mdomo wa kujazia au ringi zake za mpira. Grisi ya silikoni pekee, kiasi cha kung'arisha kidole.

Pampu ya mkono nimeitumia mwaka mzima. Inafaa, inachosha, na unyevu ndio adui yake. Pumzika kila baada ya dakika chache ipoe, na uhakikishe kichujio chake cha kukausha hewa hakijalowa, la sivyo maji yanaingia mtungini na kutu huanza mahali usipoiona.

Mtungi wa kujazia wa lita 3 uliojazwa bar 232 ndio ninaoutumia sasa. Hesabu yake ni nyepesi: mtungi wa bunduki yangu ni lita 0.15, na kuutoa 115 kuufikisha 180 ni bar 65, kwa hiyo unakula kama lita 10 za hewa ya presha ya kawaida. Mtungi mkubwa unapungua bar 3 na kidogo. Kutoka 232 hadi 180 napata kuijaza bunduki karibu mara 16. Angalia tarehe ya ukaguzi iliyogongwa kwenye shingo ya mtungi kabla hujaupeleka dukani, maana ikiwa imepita, hawatakujazia.

Na kama huna kronografu, uliza klabuni. Kwetu inakaa kwenye sanduku la chai karibu na mlango, yeyote anaichukua, na lile daftari liko pembeni yake.