Barua kwa mwanangu: hayo masaa 8

Mwanangu,

Meseji yako niliisoma mchana nikaiacha, usiku nikairudia. Unauliza kama upande kandege ka rafiki yako Jumamosi asubuhi mvuke milima, yeye Ijumaa ana sherehe lakini kakuahidi masaa 8 yatapita tangu glasi ya mwisho, halafu ana mafua tu kidogo anameza dawa. Ukasema mzee we ni fundi wa ndege, nipe ukweli. Haya.

Masaa 8 hajayatunga, yamo kweli kwenye sheria ya Marekani na marubani kibao wanayakariri. Ila wanasahau kipande kingine, kwamba hata yakipita, pombe kwenye damu isifike asilimia 0.04, na isiwe bado imekushika. Piga hesabu, we si ulisoma: mwili unaitoa taratibu, kama 0.015 kwa saa, kahawa haisaidii na maji ya baridi ndo kabisa. Mtu akilala na 0.20, baada ya masaa 8 anaamka na 0.08. Mara mbili ya kikomo, na hapo kashanyoa ndevu, ananukia vizuri, anakwambia niko fiti.

Na hayo mafua usiyachukulie poa. Kuna dawa inaitwa daifenhaidramini, imo kwenye vidonge vingi vya mafua, aleji na usingizi. NTSB, wale wachunguzi wa ajali wa Marekani, mwaka 2014 walitoa ripoti ya marubani waliokufa kwenye ajali kati ya 1990 na 2012, na katika dawa zinazopumbaza akili hiyo ndo iliyokutwa mara nyingi kuliko zote. Mamlaka ya anga ya kulekule inawaambia marubani wakiimeza wakae masaa 60 ndo waruke. Sitini, sio sita.

Sasa yapeleke hayo mlimani. Kwenye tambarare rubani akizubaa kidogo bado ana futi za kupoteza. Mlimani hana. Injini ndogo isiyo na tabo, ile ya kuisukumia hewa zaidi, ukifika futi 10,000 imebaki na kama asilimia 70 ya nguvu zake, halafu ule upande upepo unakotelemkia, hewa inaweza kukushusha kwa kasi kuliko ndege inavyoweza kupanda. Ndo maana anayejua milima anaukaribia mgongo wa mlima kwa pembe, kama digrii 45, ili akishushwa ageuke haraka arudi alikotoka, na bondeni hakai katikati, anaegemea ubavu mmoja abakize nafasi ya kugeuza. Hayo anayaamua kabla hajabanwa, kwa kichwa chepesi. Na huko juu uchache wa oksijeni peke yake unalewesha, ubaya wake mtu haumwi popote, anachangamka tu na kujiamini zaidi, sasa we ongezea na hangova.

Kuna kitu sijawahi kukuhadithia. Niliwahi kuitwa kuangalia mabaki ya ndege tuliyokuwa tunaihudumia karakana kwetu, iliingia kwenye bonde lililoziba mbele. Nilipanda ule mlima naomba tu nisikute kosa la mikono yetu. Sikulikuta. Panga za propela zilikuwa zimejipinda na kukwaruzika kote, maana yake injini ilikuwa inasukuma kwa nguvu mpaka ilipogonga. Nikashusha pumzi, na hiyo pumzi naionea aibu mpaka leo, maana watu walikuwa wamekufa pale. Majibu ya maabara yalikuja baadaye sana: pombe, na sio ile inayojitengeneza maiti ikianza kuharibika, walipima mpaka maji ya jichoni kuhakikisha. Aliyekaa mbele pembeni ya rubani alikuwa rafiki yake tu, kaalikwa kuona milima. Siti hiyohiyo utakayokaa we.

Kwa hiyo Jumamosi usipande. Mwambie msogeze mpaka apone, na hiyo sherehe anywe kwa raha zake. Ukiona aibu nisingizie mimi, sema mzee kagoma, mimi sina shida kuitwa mkorofi. Na pakiti ya hiyo dawa apige picha upande wa nyuma anitumie, au anipigie kabisa, sitamfokea.

Mama yako sijamwambia.

Baba