Nani hasa aligundua insulini?

Wengi husema insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, iligunduliwa na daktari Mkanada Frederick Banting. Hapana ndugu, si Banting peke yake. Pale Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1921 alikuwa na Charles Best, kijana aliyepima sukari kwenye damu na mkojo wa mbwa wa majaribio, ndani ya maabara ya Profesa Macleod. Lakini anayesahaulika mno ni James Collip, mwanabiokemia. Sindano ya kwanza ya insulini aliyochomwa Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 mwenye kisukari, Januari 11, 1922, haikumsaidia sana. Dawa ilikuwa na uchafu, akaota jipu. Collip akaisafisha kwa alkoholi, na kuanzia Januari 23 sukari ya mtoto ikashuka kweli. Nobeli ya 1923 walipewa Banting na Macleod tu. Angalau Macleod alimgawia Collip fedha zake, na Banting akamgawia Best.